Kalamu ya Mama Mmoja

Siku ya arobaini ya Mzee Salim, sinia za pilau zilipokwisha kuondolewa na wazee wa msikitini kuaga, Zainabu alinishika mkono akanivuta hadi chumbani, kama tulivyokuwa tukivutana tulipokuwa wasichana, akafunga mlango na kuniambia nikae kitandani. Nilikuwa nimetoka Njiru tangu asubuhi na magoti yangu siku hizi hayana adabu, kwa hiyo sikungoja kubembelezwa. Akainama kwa shida, akavuta mkebe wa biskuti kutoka uvunguni na kuumimina juu ya shuka. Zilikuwa kalamu za wino, nyingine nzima, nyingine vifuniko bila miili, na nibu zilizofungwa kwenye vipande vya gazeti. "Kuna mtu anataka kuzinunua," akasema. "Aliziona kwa simu. Lakini kila akipiga ni neno moja tu: orijino ni zipi? Mimi mambo ya Baba nilishayasahau, Mutheu. Wewe ndiye ulikuwa na jicho." Nilicheka kwa sauti ndogo, maana ukumbini bado kulikuwa na wageni. Nikachukua ya kwanza, nikaisugua ubavuni kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, nikainusa. Nilipoinua macho, Zainabu naye alikuwa ameshaokota yake na anaisugua, huku akidai amesahau. Tukatazamana, wazee wawili tunanusa kalamu siku ya arobaini, na huzuni niliyokuja nayo ikapungua uzito.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliokaa katika nyumba hiyohiyo ya Majengo. Nani alinizaa na nililelewa vipi nitayaruka. Watu wa kwetu wanayasimulia vizuri kuliko mimi na hawahitaji kuombwa. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza shule kwetu Machakos, nikawa najifunza kupiga taipu katika chuo kimoja mjini, na mjomba wangu Musyoka, aliyekaa Umoja, hakuwa na nafasi hata ya kuongeza kiti katika nyumba yake iliyojaa watoto. Mjomba alikuwa mchonga vinyago. Vibanda vyao vya kazi havikuwa mbali na Majengo, na huko ndiko alikojuana na Mzee Salim, fundi wa kalamu na saa, wakinywa chai mahali pamoja. Alinipeleka kwake Jumamosi moja. "Mzee Salim, huyu ni mtoto yangu," alisema mlangoni. "Anaenda darasa, anarudi kwa nyumba. Mimi nakuamini." Mzee Salim akamjibu, "Kama unaniamini nenda kazini, Bwana Musyoka. Ukisimama hapo tutadhani unatuchunguza." Mkewe, Bi Rehema, alicheka kutoka ndani kabla hata sijamwona, na mimi nikawa nimeshampenda.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, jiko na bafu uani. Chumba chetu mimi na Zainabu kilikuwa na kitanda kimoja cha chuma, kioo kilichopasuka pembeni na dirisha lililofunguka kichochoroni, tukawa tunajua habari za majirani kabla wenyewe hawajamaliza kuzisema. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mahamri. Mimi nilikuwa mtu wa uji na mahindi ya kuchemsha na maharagwe, na wiki ya kwanza nilivamia mahamri na mbaazi za nazi mpaka Bi Rehema akaniuliza taratibu kama kwetu mvua ilikosa kunyesha. Jumapili yeye ndiye aliyenigongea mlango: "Mutheu, amka uende kanisani. Mamako asije akasema nimekusilimisha kwa mahamri." Nilikuwa na furaha katika nyumba ile. Nalisema wazi kwa sababu mtu asiyelijua hilo hataelewa niliogopa nini baadaye.

Meza ya Mzee Salim ilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa mbele penye mwanga, na chini yake ndipo ulipokuwa mkebe wa vipuri. Neno orijino sikulisikia kinywani mwake hata mara moja. Kalamu ambayo viungo vyake vyote vilitoka kiwandani pamoja aliiita kalamu ya mama mmoja. Ile iliyopata kifuniko huku na nibu kule aliiita kalamu ya ukoo. Aliziuza zote mbili, na kila mteja aliambiwa anachukua ipi. Wakati wa chakula cha jioni, Bi Rehema akipakua, Mzee Salim alitutupia moja juu ya mkeka na kuuliza, "Haya, mama mmoja au ukoo?" Tulianza kwa kunusa, kwa sababu kalamu kuukuu zilitengenezwa kwa mpira uliopikwa mpaka ukawa mgumu kama pembe, na mpira huo ukiusugua unanuka kiberiti. Tukafunga kifuniko polepole kuona kama kinashika bila kusita. Tukatafuta mikwaruzo: kifuniko kinachochomekwa mkiani kila siku huacha alama ya duara, na alama hiyo sharti ilingane na mdomo wake. La mwisho alilifanya mwenyewe, kwa kuwa vidole vyetu hakuviamini, nalo lilikuwa kuchomoa nibu. Chini ya nibu kuna kipande chembamba kinacholeta wino, mafundi wanakiita ulimi. Nibu ikiukalia ulimi mmoja miaka mingi inauachia kivuli chake, palipofunikwa panabaki peusi na palipo wazi panapauka. Ukikuta kivuli cha nibu nyingine, umeshajua ni ya ukoo. Zainabu alikuwa anabahatisha tu, lakini mimi jambo lile nililipenda kuliko taipu. Bi Rehema alisema tutakosa waume kwa ajili ya kunusa mipira mezani pa watu.

Katikati ya mwaka mjomba alinipa kalamu ya marehemu baba yake niipeleke kutengenezwa. Mzee huyo alikuwa karani, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, na watoto wake wote walitia sahihi cheti cha ndoa kwa kalamu hiyo. Sasa Ruthi, binti wa mjomba, alikuwa anakaribia kuolewa, na kalamu inavuja. Ilikuwa nene, nyeusi ti, nibu ya dhahabu, na maandishi madogo yaliyochongwa ubavuni. "Peleka kwa huyo mzee wako," mjomba alisema. "Na umwambie hii si ya kuchezea." Mzee Salim aliipokea kwa mikono miwili. Akatoa mpira wa ndani, ule mfuko mdogo unaobeba wino, uliokuwa umeoza, akatia mwingine. Kisha, kwa kuwa ilikuwa ya harusi na ya rafiki, akaamua kuiogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Nilikuwa nimekaa karibu naye namenya vitunguu. Kitambaa kilitoka cheusi, akakisuuza, kikatoka cheusi tena. "Wino wa miaka," akasema akitikisa kichwa. "Karani huyu aliandika." Kalamu ilipokauka ilikuwa ya kahawia kama chai iliyokolea, isipokuwa shingoni, pale panapofunikwa na kifuniko, ambapo palibaki peusi. Mzee Salim hakushtuka, kwa sababu kalamu nyingi za mpira zilizopita mikononi mwake zilikuwa za rangi hiyo. Mimi pia sikushtuka. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa nyumba ile na nilitazama kama wao.

Mjomba alikuja kuichukua Jumamosi alasiri, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Alifunua kitambaa, akaigeuza kalamu, akafungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. Bi Rehema akasimama na birika mkononi. "Hii si kalamu ya baba yangu," mjomba akasema. Mzee Salim alidhani ni mzaha. "Ni ileile, Bwana Musyoka, nimeiosha tu." Mjomba akainyoosha kwenye mwanga. "Unaosha kitu nyeusi inakuwa kahawia? Na hapa kwa shingo ni nyeusi, hapa chini ni kahawia. Hii ni miti mbili umeunganisha. Mimi nashinda na miti, Mzee Salim, usinifunze." Mzee Salim akamweleza kwamba mpira ule huchomwa na mwanga kwa miaka mingi, ndiyo maana palipofunikwa ni peusi. "Miaka gani?" mjomba akauliza. "Mtoto alikuletea ikiwa nyeusi yote. Imekaa kwa meza yako wiki moja." Hilo lilikuwa kweli, ilimfikia ikiwa nyeusi yote. Mzee Salim akatazama kalamu, akanitazama mimi. Mjomba akauonyesha kwa kidole mkebe ulio chini ya meza. "Na hizo zote zilitoka kwa nani?"

Alitoka nje na kusimama kizingitini, na barazani walikuwa wamekaa wazee wa mtaa na vikombe vyao vya kahawa. Mjomba hakuwa mtu wa fujo, lakini akikasirika sauti yake ilikuwa inapanda bila kumwomba ruhusa. "Niliachia huyu mtu mtoto na kalamu," alisema, na kila mtu akasikia. "Kalamu amebadilisha. Mtoto nakuja kuchukua kesho nikitoka kanisa, anarudi Machakos." Akaiacha kalamu mezani akaenda zake. Watu walikuwa wakimletea Mzee Salim saa za marehemu wao na kalamu za baba zao bila kuandikiana chochote, wakaondoka na kurudi siku watakayopata nafasi. Nikafikiri nani tena atamletea kitu baada ya maneno yale.

Jioni ile hakuna kalamu iliyotupwa mkekani. Tulikula wali na samaki wa kupaka, chakula nilichokipenda, na sikumbuki ladha yake. Baadaye nikiwa uani naosha vyombo niliwasikia jikoni. "Hebu fikiri, Baba Zainabu," Bi Rehema alisema, "labda mezani ulichanganya." "Sikuchanganya." "Basi weusi ulikwenda wapi?" "Sijui, Rehema. Ningekuwa najua ningemwambia mwenyewe." Nilisimama na sufuria mkononi. Mimi niliona kalamu ikiingia, niliona ikiogeshwa na niliona ikikauka, na kati ya hapo haikuondoka mezani. Lakini ushahidi wa msichana aliyekuwa anamenya vitunguu ungemwingia wapi mjomba? Angesema nimeshalishwa mahamri. Machakos kwenyewe sikukuogopa. Niliogopa kuondoka pale kwa sababu ya aina ile, nimwache Mzee Salim na jina la mwizi, jina lililomjia ndani ya kitambaa nilichokibeba mimi mwenyewe.

Mjomba alikuja Jumapili akiwa na koti la kanisani. Mzee Salim alikuwa amevaa kanzu safi na ametandika kitambaa cheupe mezani. "Keti," alimwambia. "Sikuombi uniamini. Nakuomba utazame, wewe una macho ya kazi." Mjomba hakuweza kukataa maneno hayo, akaketi. Sisi wengine tukasimama, Bi Rehema amejishika kiuno, Zainabu amenishika mimi. Mzee Salim akavuta nibu na ulimi wake kutoka shingoni, taratibu sana, akaviachanisha na kuviweka mbele ya mjomba. Kivuli kilikuwa pale juu ya ulimi, mabega na ncha, na nibu iliporudishwa ikaingia humo bila kubakisha hata unywele. Akamwonyesha duara lililo mkiani na mdomo wa kifuniko unaolingana nalo. Mjomba alitazama kila kitu mara mbili. "Sawa," akasema. "Hizo ni zake. Lakini mwili?"

Akauchukua mwili wa kalamu, akaenda nao mlangoni penye jua. Nilimjua mjomba akiwa na kipande cha mbao mkononi, jinsi alivyokuwa anasahau watu wote waliopo, na ndivyo alivyokuwa. Akavika kifuniko, akavua, akavika. Weusi ulikoma palepale kifuniko kilipokoma. "Ukivalisha kinyago shanga ikae dirishani," akajisemea, "siku ukitoa shanga, pale chini rangi ni ile ya kwanza." Nikaona ameshakubali kuwa ni mti mmoja, lakini weusi uliopotea bado unamsumbua. Akatoa mfukoni mwa koti kisu chake kidogo cha kuchongea, ambacho alikibeba hata kanisani, akachokoa ndani ya yale maandishi ya ubavuni. Kikatoka kidonge cheusi, laini. Akakisugua juu ya ukucha. Akakinusa. Kisha akatugeuzia mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilidhani analia, na kwa kweli alikuwa ameanza yote mawili, kulia na kucheka. "Hii ni rangi ya viatu," akasema. Aliyewahi kukaa na wachongaji wa wakati ule hakuhitaji maelezo zaidi. Walichonga jakaranda, mti mweupe usio na thamani, wakaupaka rangi nyeusi ya viatu, wakapiga brashi, na mtalii akaondoka anajua amebeba mpingo. Kucha za mjomba zilikuwa nyeusi kwa kazi hiyo mpaka alipozikwa. "Nilikuwa kijana," alituambia akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Mzee alinipata napaka twiga. Akanichapa kofi. Akasema kwa nyumba yake hakuna mtu wa kupaka kitu rangi ndio ionekane kile haiko. Nikahama, tukakaa miaka bila kuongea. Na kumbe yeye kila Jumapili akipaka viatu zake alikuwa anapaka na kalamu." Mzee Salim alikichukua kile kidonge, akakinusa, akaweka mikono kichwani. "Na mimi nikasema wino," akasema. "Maisha yangu yote nanusa kalamu, hii sikuinusa." Bi Rehema akamwambia, "Ungenusa nini, umeshaitia sabuni?" Tukaangua kicheko wote, kile cha watu walioponea. Zainabu anashikilia kwamba mjomba alicheka kwanza ndipo akalia. Mimi nasema alilia kwanza. Tulibishana juu ya hilo siku ile ya arobaini, tukiwa na kalamu za Mzee Salim mapajani, mpaka mjukuu wa Zainabu akabisha mlango. "Shosho, mnafanya nini huko ndani? Watu wanawauliza."

Nimefikiria mara nyingi kwa nini wanaume wawili wenye macho makali vile hawakuliona jambo lililokuwa mbele yao. Mmoja alizoea kuona wino, akaona wino. Mwingine alikuwa akipaka rangi ile kila siku, lakini hakuweza kuitafuta kwenye kitu cha baba yake, mzee aliyemchapa kofi kwa sababu ya rangi hiyohiyo. Sidhani angeiona kama si kwa kutaka sana kumkamata mtu mwingine. Lakini simlaumu. Nimekuwa mkwe na nimekuwa na wakwe, na najua mtu anavyokuwa harusi ikikaribia.

Mzee Salim alijitolea kuipaka upya iwe nyeusi kabla ya harusi. Mjomba alifikiri kidogo akakataa. "Wacha ikae vile imezeeka," akasema. Kisha akafunga vifungo vya koti, akatoka nje mpaka kizingitini, palepale alipokuwa amesimama siku iliyotangulia. Wale wazee walikuwapo barazani na kahawa yao. Sauti haikupanda yenyewe safari hii, ilibidi aisukume. "Jana mlinisikia," aliwaambia. "Basi na leo mnisikie. Kalamu ni ya baba yangu, kila kipande. Mzee Salim hakubadilisha kitu. Mimi ndio nilikosea." Wakatazamana. Mmoja wao, mzee wa karibu na mlango, akanywa funda lake kwanza. "Jana tulikusikia, Musyoka," akasema. "Lakini maneno yale hatukuyabeba."

Mjomba akarudi ndani. Ukumbini, kando ya ukuta, palikuwa na sanduku langu, nililolifunga tangu alfajiri nikiwa na Zainabu. Akasimama mbele yake kama mtu aliyekuta gogo njiani. "Kesho darasa ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa mbili, Mjomba."

"Basi hii sanduku inafanya nini hapa kwa njia?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na badala ya jibu nikalia, nikalia kwa raha, bila hata kuuficha uso. Mjomba hakuwahi kujua la kufanya na wasichana wanaolia. Alimwangalia Bi Rehema, Bi Rehema akamwonyesha mlango wa chumba chetu kwa kidevu, naye akaliinua lile sanduku begani, hali amevaa koti lake la kanisani, akalirudisha ndani mwenyewe.